Tesla Aliyedisco na Mota ya Feni

Kila UE ikikaribia, jina la Nikola Tesla huibuka vyumbani. Lazima atokee mtu wa kusema jamaa hakumaliza chuo na bado dunia nzima inatumia umeme wake, kwa hiyo tusisumbuane na GPA. Nimeisikia mwaka wa kwanza, nikaisikia wa pili, na sasa wa tatu naisikia tena. Mimi nasoma ualimu, masomo ya kufundishia ni fizikia na hisabati, na naona stori hiyo tunaisimulia nusu. Nusu nyingine nzuri zaidi, ila haimfurahishi mtu anayekwepa vipindi.

Nianze na kazi yake inayoshikika kwa mkono. Kwetu Usevya, bonde la Rukwa, joto la Oktoba halina mzaha, lakini viyoyozi vinahesabika. Mjomba anacho kimoja kwenye duka lake la dawa, maana kuna dawa hazitaki joto. Likizo iliyopita feni ya kile kiboksi cha nje iligoma. Kumleta fundi kutoka Mpanda ni nauli, posho na kumsubiri, kwa hiyo mjomba akaniuliza kama hiyo fizikia ninayosoma inajua kushika bisibisi.

Kubadili mota ya feni hakugusi mabomba ya gesi, na ndiyo sababu mtu mwangalifu anaweza kuifanya mwenyewe. Tulizima swichi kuu, si rimoti tu. Kisha kapasita: hiyo hubaki na umeme hata baada ya kuzima, inabidi uimalize kwa kuunganisha vichwa vyake kupitia resista au balbu ya zamani ya filamenti kabla hujaweka kidole. Tukaipima, ikawa nzima. Mapanga ya feni yalikuwa mazito kuzungusha kwa mkono, beringi zimekwisha, na koili moja haikupitisha kitu kwenye mita. Hapo ugonjwa ukajulikana. Nati inayoshika mapanga mara nyingi ina uzi wa kinyume, inafunguka ukizungusha kulia, na watu wengi huivunja kwa kuilazimisha. Mota mpya lazima ilingane na kibandiko cha ya zamani: volti 230, hezi 50, wati, mizunguko kwa dakika, unene wa shafti, upande inaozungukia, na ukubwa wa kapasita inayodai. Piga picha ya waya kabla ya kuchomoa hata mmoja, kwa sababu rangi hazifanani kati ya kampuni na kampuni.

Ile mota ya zamani niliifumua. Ndani hakuna brashi. Hakuna waya hata mmoja unaokwenda kwenye sehemu inayozunguka. Kipande cha chuma kinaelea katikati ya koili, hakijaunganishwa na chochote, na bado kinazunguka miaka. (Viyoyozi vipya vya inveta vingi vina mota za aina nyingine, hiki cha mjomba ni cha zamani.) Hicho kipande ndicho Tesla.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 Smiljan, kijiji kilichopo Kroatia ya leo, katika familia ya Waserbia. Baba yake alikuwa padri wa Kiorthodoksi na alitaka mtoto afuate njia hiyo. Mama hakupata kusoma shule, lakini alikuwa na mikono ya kubuni vifaa vya nyumbani, na Tesla mwenyewe alisema kipaji alikitoa kwake. Alipomaliza sekondari mwaka 1873 akapata kipindupindu, akalala miezi tisa. Ni pale kitandani baba alipolegeza msimamo na kumwahidi kuwa akipona atapelekwa kusomea uhandisi. Akapona.

Mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Graz, Austria, kwa ufadhili. Kwa lugha yetu, alikuwa na boom. Mwaka wa kwanza alisoma kama mtu anayefukuzwa, akafaulu mitihani mingi kuliko iliyotakiwa. Halafu kikaja kile kipindi ninachokipenda. Profesa wa fizikia, Jacob Pöschl, alileta darasani mashine ya Gramme, iliyoweza kuzalisha umeme na pia kuzunguka kama mota. Brashi zake zilitoa cheche. Tesla akauliza kama mota haiwezi kufanya kazi bila brashi kabisa. Kwa maelezo aliyoyaandika mwenyewe uzeeni, profesa alitumia kipindi kizima kuonyesha kwamba jambo hilo haliwezekani.

Watu wengi wakifika hapa humcheka Pöschl. Mimi simcheki sana. Yule mwalimu alileta mashine halisi darasani, akaiwasha, cheche zikaonekana. Bila cheche zile swali lisingezaliwa. Ni shule ngapi mwanafunzi amechora mota ubaoni miaka minne bila kuona hata moja iliyofumuliwa? Kosa la Pöschl, kama kweli ilikuwa hivyo, ni kufunga mjadala. Vifaa alileta.

Sasa ile nusu isiyosimuliwa. Mwaka wa tatu Tesla alizama kwenye kamari, akapoteza hela ya matumizi na ya ada. Mitihani ilipofika hakuwa amejiandaa, akaomba muda, akanyimwa. Mwaka 1878 akaondoka Graz bila shahada na akakata mawasiliano na nyumbani. Alidisco, na hakuna ushujaa wowote ndani yake. Alikwenda Maribor kufanya kazi ya kuchora michoro. Baba yake alifariki mwaka 1879. Mwaka 1880 akajaribu tena huko Praha, akihudhuria mihadhara kama msikilizaji tu. Aliyepoteza ile miaka ndiye yuleyule aliyekuwa na swali bora kuliko wote darasani, na swali lilibaki bila jibu muda wote huo.

Jibu lilimjia Budapest mwaka 1882, alipokuwa akifanya kazi ya simu. Akitembea bustanini na rafiki yake, akaliona, akachukua kijiti na kulichora mchangani. Badala ya mkondo geu mmoja, tumia miwili isiyokwenda pamoja, mmoja ukipanda mwingine unashuka, kila mmoja kwenye koili zake. Nguvu ya sumaku itazunguka yenyewe ndani ya koili, na chuma kilichopo katikati kitavutwa kuifuata bila kuguswa na waya.

Hapa ndipo kapasita ya mjomba inapoingia. Nyumbani tunaletewa fezi moja tu, na fezi moja haiwezi kuanzisha mzunguko. Kapasita huusogeza mkondo wa koili ya pili ili usiende sambamba na wa kwanza. Ikichoka, feni inanguruma bila kuzunguka, na ukiisukuma kwa kijiti inaanza. Wengi hununua mota nzima wakati kilichokufa ni kapasita ya bei ndogo, kwa hiyo pima hiyo kwanza. Namba ya mizunguko kwenye kibandiko nayo ina maelezo yake: feni yenye ncha sita za sumaku kwa hezi 50, sumaku inazunguka mara 1000 kwa dakika, na chuma hubaki nyuma kidogo ya hapo. Lazima kibaki nyuma. Kikiifikia sumaku hakuna tena kinachokivuta.

Tesla alitengeneza mota ya kwanza ya majaribio Strasbourg mwaka 1883, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Edison ya Ulaya. Mwaka 1884 akahamia New York, akafanya kazi kwa Edison kama miezi sita hivi, akaacha. Edison alikuwa ameweka mtaji wake wote kwenye mkondo mnyoofu. Tesla akaanzisha kampuni na wenzake, wenzake wakamtoa, na kufikia majira ya baridi ya 1886 kwenda 1887 alikuwa akichimba mitaro kwa dola 2 kwa siku. Mtu mwenye jibu kichwani tangu miaka minne nyuma ameshika sururu. Naifikiria sana picha hiyo kuliko ya Budapest.

Waliomtoa mtaroni ni watu: mwanasheria Charles Peck na Alfred Brown wa kampuni ya simu za maandishi, waliompa maabara. Hataza zikatoka tarehe 1 Mei 1888, na tarehe 16 akatoa mhadhara mbele ya wahandisi wa umeme wa Marekani. Mwaka huohuo George Westinghouse akazinunua haki. Haki itendeke pia kwa wengine: Galileo Ferraris wa Turin alifikia wazo lilelile kivyake na akalichapisha 1888, na mota ya fezi tatu, ile inayozungusha mashine za kukoboa mpunga kule kwetu, ilikamilishwa na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky mwaka 1889.

Kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893 waliweka yai la shaba juu ya koili, likasimama kwa ncha yake na kuzunguka lenyewe. Sumaku ikizunguka, shaba inafuata. Ningepata koili za mota mbovu na umeme mdogo wa salama, ndiyo somo langu la kwanza BTP. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika Buffalo, na ubishi kuhusu mkondo upi ushinde ukawa umekwisha.

Yaliyofuata nayapita haraka. Kuna hadithi kwamba aliuchana mkataba wake ili kuiokoa kampuni ya Westinghouse. Ilienezwa na John O'Neill katika kitabu cha maisha yake. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1897 kampuni ililipa dola 216,000 kwa mkupuo na hataza zikawa zake. Fedha za Tesla ziliishia kwenye ndoto ya kusafirisha umeme bila waya, mnara wa Wardenclyffe ulioanza mwaka 1901 na kubomolewa 1917. Hakuoa. Alihama hoteli moja hadi nyingine akiacha madeni, akilisha njiwa, na alifariki tarehe 7 Januari 1943 chumba namba 3327 cha Hoteli New Yorker, akiwa na miaka 86.

Mwaka 1960 jina lake likapewa kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku, ile herufi T tunayoiandika mwisho wa jibu la hesabu. Chuo cha Graz alikotoka bila cheti leo kina maabara yenye jina lake. Majivu yake yako Belgrade, ndani ya tufe la rangi ya dhahabu. Ule mwili wa mota mbovu nimeubeba chuoni, uko chini ya kitanda changu. Anayetaka kuuona aje na bisibisi yake.