Carothers na asilimia 90

Humu chuoni ukipata 90 unatamba mpaka kantini. Kwa Wallace Carothers, 90 ni kufeli.

Huyu bwana alizaliwa Iowa, Marekani, mwaka 1896. Mwaka 1928 aliacha kufundisha Harvard akaenda maabara ya kampuni ya DuPont. Wakati huo wanakemia walikuwa bado wanabishana kama molekuli ndefu kweli zipo. Yeye akaamua kuzijenga mwenyewe, kiungo kwa kiungo. Shida ikawa minyororo kubaki mifupi.

Mimi nililielewa hili nikiwa TP Ngara. Nilisimamisha wanafunzi 40 uwanjani, mikono 80. Wakashikana wawiliwawili: mikono 40 imeshikwa, asilimia 50. Sehemu hiyo iliyokwisha kuungana ndiyo kiwango cha mgeuko wa mmenyuko. Wastani wa mnyororo? Watu 2. Mikono 72 iliposhikwa, asilimia 90, ikabaki minyororo 4, wastani watu 10 tu. Ukifika 99, wastani ni 100. Carothers aliiweka kwa hesabu fupi mwaka 1936: gawanya 1 kwa sehemu ambayo bado haijaungana.

Basi akakazana kuondoa maji yanayotoka viungo vinaposhikana, maana yakibaki yanaviachanisha tena. Februari 1935 timu yake ikapata nailoni, ambayo leo wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua kwenye nyavu. Ule mfuko uliopigwa marufuku 2019, tunaouita nailoni, ni polithini jamani!

Lakini mwenyewe aliugua sonona miaka mingi. Mwaka 1936 alichaguliwa kuingia Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, na bado alijiona ameishiwa. Aprili 1937 alijiua, ana miaka 41. Nailoni ilitangazwa kwa umma 1938. Binti yake alizaliwa baba hayupo.

Kwetu Biharamulo tunasema tu mtu ana mawazo. Muhula uliopita nilikuwa nayo mimi. Matokeo yangu hayakuwa mabaya, ila nilikuwa nahesabu nilichokosa tu, usiku kucha. Mwenzangu wa chumba hakunihubiria. Alinishika mkono, tukaenda wote kwa mshauri wa wanafunzi.

Kwenye nailoni, asilimia 90 haitoshi. Kwa mtu inatosha kabisa. Ukiona mwenzako kanyamaza siku nyingi, mgongee mlango.