Arne Tiselius: mzee wa Uppsala aliyemaliza ugomvi wa nyumbani kwetu

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka niwasimulie habari za Mswidi mmoja, marehemu siku nyingi, ambaye nadhani wengi humu hamjawahi kumsikia.

Nyumbani kwetu mdogo wangu alikuwa haishi kuumwa viungo. Maneno yakaanza, eti karogwa, na lawama akatupiwa shangazi. Miaka miwili hatusemezani naye. Siku alipopimwa damu, majibu yakaja: sikoseli. Mimi niliishia form four, lakini swali likanikaa: mashine imejuaje? Nikachimba chimba, nikamkuta huyu bwana.

Arne Tiselius alizaliwa Stockholm tarehe 10 Agosti 1902. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, mama akahamia Göteborg walikokuwa ndugu. Mwaka 1921 kijana akaingia Chuo Kikuu cha Uppsala, na 1925 akawa msaidizi wa Profesa The Svedberg. Kazi aliyopewa ilikuwa kuzisogeza protini kwa umeme.

Ngoja nieleze kidogo hapa. Protini ina chaji chanya na hasi mwilini mwake. Kwenye maji yenye asidi chanya zinazidi, ukitia alkali hasi zinazidi, na kati yake kuna mahali zinalingana kabisa. Ukiongeza chumvi, chembe zake zinazifunika zile chaji. Ndiyo maana protini ileile inaweza kung'ang'ania kwenye kitu chenye chaji, halafu ukibadili maji tu inaachia.

Alipata udaktari wake 1930, lakini mwenyewe hakuridhika na kipimo chake. Akaachana nacho, akachunguza jinsi mvuke na gesi zinavyonaswa ndani ya madini. Mwaka 1934 akaenda Princeton, Marekani, na huko wanasayansi wenzake wakamtia moyo arudie kazi ya zamani. Akarudi Uppsala, akatengeneza chombo kipya, na 1937 akatangaza matokeo: majimaji ya damu yametengana kuwa albumini na globulini za alfa, beta na gama. Mwaka 1939, yeye na Elvin Kabat wakaonyesha kwamba kingamwili zimo kwenye ile gama. Nobel ya kemia akaipata 1948, kwa kazi ya umeme na ya unasaji pia.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake kule Marekani walichukua aina ya chombo cha Tiselius, wakapima hemoglobini ya wagonjwa wa sikoseli. Kumbe chaji yake si sawa na ya kawaida! Naye mzee hakulala: 1956, pamoja na Hjertén na Levin, alionyesha jinsi ya kuzinasa protini kwenye bomba lenye kalsiamu fosfeti, madini ya jamii ya mfupa, kisha kuzibandua moja baada ya nyingine kwa kuongeza fosfeti kwenye maji.

Kipimo cha mdogo wangu ni ndugu wa bomba hilo. Vipunje vya ndani vina chaji hasi. Hemoglobini ya sikoseli ina chanya zaidi, hivyo inang'ang'ania zaidi na kutoka baadaye kuliko ya kawaida. Mashine inasoma saa ya kutoka, basi. Hakuna mchawi hapo.

Wazazi nao wakapimwa. Kila mmoja kabeba kinasaba kimoja bila kuumwa. Mama alilia sana, halafu akafunga safari kwenda kumwomba shangazi msamaha.

Tiselius alifariki Uppsala tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na miaka 69. Nami namshukuru, japo hakutujua.

Mnaotarajia kuoa na kuolewa, pimeni kwanza, jamani. Na kama nyumbani kwenu kuna shangazi anayesingiziwa, mpelekeeni habari hii. Karibuni kwa maoni.