Ibn Khaldun: Kadhi Aliyeipima Jamii Kabla ya Kuihukumu

Kila mwaka wapo vijana wetu wanaoanza masomo ya uzamili ya sosholojia, yaani elimu ya jamii. Wazazi huuliza: elimu hiyo ni ya kazi gani? Katika Morogoro, mji wa vyuo vikuu, swali hilo lastahili jibu. Leo tunalijibu kwa kuyatazama maisha ya Abdurrahman Ibn Khaldun, ambaye wengi humhesabu kuwa mtangulizi wa elimu hiyo.

Alizaliwa Tunis mwezi wa Ramadhani, mwaka 732 Hijria (1332). Alihifadhi Qur'ani na kusoma fiqhi ya madhehebu ya Maliki. Angali kijana, tauni ya miaka ya 1348 na 1349 iliwachukua wazazi wake wote wawili na baadhi ya walimu wake. Aliwatumikia masultani wa Fez, akafungwa gerezani takribani miaka miwili. Kisha mtawala wa Granada akamtuma Sevilla mwaka 1364 kwa shughuli za sulhu. Aliziona dola zikiinuka na kuanguka, akataka kujua sababu.

Mwaka 1375 alijitenga na siasa katika ngome ya Ibn Salama, Algeria ya leo. Huko, mwaka 1377, aliandika Muqaddima kwa miezi mitano. Alieleza namna watu wanavyoishi mijini na nyikani, wanavyochuma riziki, na asabiya, yaani mshikamano unaowapa nguvu ya kutawala, nao hulegea anasa zinapozidi.

Hakuipokea habari kwa ukubwa wa aliyeiandika. Al-Masudi alinukuu kwamba jeshi la Wana wa Israili zama za Nabii Musa lilizidi watu 600,000. Ibn Khaldun aliipima: vizazi vilikuwa vichache mno kuzaa umati huo, na jeshi kubwa kiasi hicho lisingeweza kupangwa likapigana. Akaikataa.

Haja ya kipimo hicho tuliiona hapa hapa Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuhifadhi udongo, lakini kazi ilikuwa nzito, na ardhi yenyewe ilikuwa ya koo zinazofuata upande wa mama. Aliyelima si lazima awe mwenye ardhi. Mwaka 1955 zilizuka ghasia Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Aliyeupima udongo hakuwapima watu.

Hiyo ndiyo kazi ya msomi wa jamii: kuuliza ardhi ni ya nani, nani husikilizwa, na nani hubeba mzigo, kabla amri haijatolewa.

Mwaka 1384 Ibn Khaldun alifanywa kadhi wa Kimaliki mjini Cairo. Alikataa maombezi ya wakubwa na kuwachunguza mashahidi, hata akajipatia maadui. Mwaka huo huo jamaa zake walizama baharini wakimfuata Misri. Aliuzuliwa na kurudishwa mara kadhaa, hadi alipofariki akiwa kadhi, Ramadhani 808 (1406).

Basi enyi vijana, mnapoingia kijijini na daftari zenu, kumbukeni kuwa mtakachoandika ni ushahidi juu ya watu. Uadilifu wa kadhi na uadilifu wa mtafiti ni mmoja. Nasi wazazi tusiidharau elimu hii, kwani kuikosa kwake kuliwahi kugharimu damu katika milima tunayoitazama kila asubuhi.

Wabillahi tawfiq.