OTTO JESPERSEN, MTETEZI WA LUGHA ZISIZO NA MIKIA

Safari hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake limejaa katika vitabu vya sarufi vya Ulaya na Marekani, lakini kwetu wanaolijua ni wachache. Wanafunzi wa Kilatini wasome kwa uangalifu, maana habari hii inawagusa.

Otto Jespersen alizaliwa tarehe 16 Julai 1860 katika mji wa Randers, inchi ya Denmark. Baba yake alikuwa mwamuzi, na babu yake vilevile alikuwa mtu wa sheria. Mtoto hakukawia kuonja uchungu: baba akafa, kisha mama, naye akabaki yatima kabla ya kumaliza shule ya sekondari. Katika ujana ule alipata vitabu vya Rasmus Rask, Mdenmark mwenzake aliyekufa mwaka wa 1832, akaanza kujifundisha lugha za kigeni peke yake.

Alipofika Chuo Kikuu cha Copenhagen alifuata kwanza njia ya jamaa yake, akasoma sheria miaka mine. Haikumpendeza hata kidogo. Alichoka kushika kwa kichwa mawazo ya watu wengine. Basi akaacha sheria, akageukia lugha. Ili apate kuishi, alifanya kazi bungeni, akiandika mbiombio kwa alama fupi yote waliyosema wabunge. Mwaka wa 1887 akapata shahada ya Kifaransa, mwaka wa 1891 akawa daktari kwa kitabu juu ya Kiingereza, na mwaka wa 1893 akawekwa profesa wa Kiingereza, kazi aliyoishika mpaka 1925.

Sasa tuangalie vita yake kubwa. Zamani zile wataalamu wengi walifundisha ya kama lugha zenye mikia mingi, kama Kilatini, ndizo kamili, na zile zilizopoteza mikia zimeharibika. Mjerumani August Schleicher alikuwa mmoja wao. Katika Kilatini kijana ni puer, lakini anayepewa kitu ni puero. Mkia ule unaonyesha mpokeaji, hata neno likiwekwa wapi.

Kidenmark nacho kilikuwa na mikia ya namna hii, ila ilianguka katika karne za kati. Leo Mdenmark anasema: Hun gav drengen bogen, ndiyo kusema, mwanamke alimpa kijana kitabu. Neno drengen, yule kijana, halibadiliki: awe anatoa, awe anapewa, awe anapigwa, ni lile lile. Basi tutajuaje nani amepewa? Kwa nafasi yake. Mpokeaji anasimama mbele ya kitu. Mtu akitaka kumweka nyuma, anaongeza neno dogo til: Hun gav bogen til drengen. Na kuchagua kati ya hizo mbili kunategemea mazungumzo. Kama kijana amekwisha kutajwa, kwa kawaida anatangulia. Kama yeye ndiye habari mpya, mara nyingi anangojea mwisho. Hivi sarufi na mazungumzo vinafanya kazi pamoja, kama mikono miwili.

Katika kitabu chake cha 1894 Jespersen alisema kwamba kupoteza mikia si kuoza, bali ni maendeleo: mzigo umetuliwa na maana imebaki. Mwaka wa 1924 akakaza tena ya kama majina ya Kiingereza na ya Kidenmark hayana umbo la mpokeaji kama lile la Kilatini; anayeliandika humo anaivika lugha nguo ya kuazima. Wengine walimpinga, kama Mwingereza E. A. Sonnenschein, lakini yeye hakurudi nyuma. Waalimu nao aliwashauri wafundishe lugha kwa maneno yanayosemwa kweli, wala si kwa orodha za maneno yasiyo na uhusiano.

Lakini tuseme kweli yote. Mtu huyu alizitazama pia lugha za Kibantu, kama Kizulu, na upatano wa ngeli aliuona kuwa mzigo wa zamani. Hapo yeye aliyekataa kipimo cha Kilatini alipima wengine kwa kipimo cha Kiingereza. Sisi tunajua ya kama upatano una kazi yake. Tukisema mama alimpa mtoto kitabu, ile -m- inatuonyesha mpokeaji. Na tukisema mwalimu alimwonyesha mgeni mwanafunzi, -m- peke yake haitoshi, kwa sababu wote wawili ni watu. Hapo nasi, kama Wadenmark, tunategemea nafasi ya neno na habari iliyotangulia.

Jespersen alifariki mjini Roskilde tarehe 30 Aprili 1943, inchi yake ikiwa bado mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Aliacha sarufi kubwa ya Kiingereza yenye vitabu saba. Cha mwisho kilitoka mwaka wa 1949, yeye akiwa kaburini.

Wanafunzi wenzangu, tukifungua kitabu cha sarufi, tuulize kwanza lugha yenyewe inafanya nini, ndipo tuipe kazi yake jina. Hilo alilifundisha vizuri, hata pale ambapo yeye mwenyewe hakulifuata.