Apolo Kivebulaya, mtu aliyewaona watu wa msitu

Baadhi yetu hapa Farsta tumetoka Ituri, wengine Uganda, na jina la Apolo Kivebulaya tumelisikia tangu utotoni. Juma hili tunawasimulia watoto wetu waliozaliwa Sweden maisha yake.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akabatizwa mwaka 1895. Kivebulaya ni jina la utani, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alivaa koti jekundu la kizungu.

Mwaka 1896 alifika Mboga, upande wa Kongo, kuhubiri Injili. Chifu Tabaro alimpinga. Apolo alichapwa na nyumba yake ikachomwa. Kisha dada yake chifu alianguka juu ya mkuki akafa, na Apolo akashtakiwa na kufungwa. Alipoachiliwa alirudi palepale Mboga. Baadaye Tabaro mwenyewe akaamini.

Karibu na Mboga ni msitu mkubwa wa Ituri, wanamoishi Bambuti. Wakulima walibadilishana nao mazao kwa nyama, lakini wengi waliwadharau. Mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka kama 57, Apolo aliingia msituni kuwatafuta. Hakungoja watoke waje kwake. Aliketi nao, akajifunza lugha yao, akatafsiri Injili ya Marko kwa lugha hiyo.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, wala si mashariki, kwao Buganda. Hata kaburini aliwakumbuka wale ambao wengine hawakuwahesabu.

Wapendwa, mara nyingi tunalalamika kwamba hapa hakuna anayetuona. Tunapanda tunnelbana kila siku na hakuna anayetusalimu. Na sisi je? Yule mzee wa ghorofa ya chini anayeishi peke yake, tunamjua jina? Ile familia mpya inayokaa benchi la nyuma, isiyosikia vizuri Kiswahili chetu, nani ameketi nayo?

Apolo hakuwa na mali ya kuwapa Bambuti. Aliwapa muda wake na masikio yake. Hivyo hata sisi tunavyo.

Mungu atufungue macho. Jumapili njema.