Maisha ya James Chuma, Kiongozi wa Misafara

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za Dakta Livingstone, lakini ni wachache waijuao habari ya Chuma. Mimi naona yatuhusu zaidi, kwa kuwa mwaka 1879 mtu huyu alipita katika bonde letu.

Chuma alikuwa Myao, akazaliwa yapata mwaka 1850. Alipokuwa mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, na mwaka 1861 akawekwa huru na Livingstone pamoja na wamisionari wa UMCA. Baadaye alipelekwa Bombay, akasomeshwa na kubatizwa jina la James. Mwaka 1866 alirudi Afrika, akamfuata Livingstone miaka saba.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu. Hapo ndipo ilipoonekana akili ya Chuma na mwenzake Susi. Waliikausha maiti kwa chumvi na jua, wakakata shauri kuipeleka pwani. Mwisho wa safari ulijulikana. Njia ndiyo iliyokuwa haijulikani. Ile waliyoijia ilikuwa ya mabwawa, mashariki ya ziwa. Wakaiacha, wakazunguka magharibi na kuvuka mto Luapula. Walipofika Tanganyika hawakuirudia milima ya kandokando ya ziwa iliyowatesa zamani, bali walishika njia ya bara, wakapita Ufipa mpaka Tabora.

Toka Tabora mambo yaligeuka. Njia ya misafara iendayo Bagamoyo ilikuwa moja, imezoeleka, ina visima na masoko, lakini wenyeji wengine walikataa maiti isipite kwao. Basi safari hii hawakubadili njia, walibadili mzigo! Walifunga mabua kwa mfano wa maiti, wakawatuma watu wayarudishe Tabora kana kwamba ni kwenda kuzika, na maiti yenyewe wakaifunga kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Wenzetu wanaojifunza kompyuta husema kuwa ujumbe nao husafiri kwa mipango miwili. Ama kila kituo huandikiwa njia yake mapema, ama vituo hupashana habari na kuchagua upya njia inapokatika. Mpango wa kwanza hauna maneno mengi, ila njia ikikatika ujumbe hukwama. Wa pili hupita kando, lakini hutumia muda na nguvu katika kuulizana. Sisi wa Ifakara twaujua huo wa kwanza: kabla daraja la Kilombero halijafunguliwa, mwenda Mahenge alitegemea kivuko, na kivuko kikisimama naye alisimama. Chuma aliitumia mipango yote miwili, kila mmoja mahali pake.

Mwaka 1879 alikuwa kiongozi wa msafara wa Keith Johnston uliotoka Dar es Salaam. Johnston alifariki Behobeho mwezi Juni, na Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, akaachiwa kazi yote. Chuma akawashika wapagazi wasitawanyike, wakapita nchi ya Mahenge na mto Ulanga, ndio Kilombero yetu, wakapanda Uhehe hadi ziwa Nyasa na Tanganyika. Mwaka 1880 walirudi pwani.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu, umri wake ukiwa kama miaka 32.