Askofu Mkuu Makarios wa Kupro

Sisi tuliozaliwa Uganda tunalijua jina la Shelisheli kwa habari ya huzuni. Huko ndiko Waingereza walikowapeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, baada ya kuwakamata mwaka 1899. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1910 ukazikwa Kasubi, hapa Kampala. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini mauti yalimkuta Jinja kabla hajaiona Bunyoro tena. Zaidi ya miaka hamsini baada ya wafalme wetu kupelekwa, visiwa vile vilimpokea mfungwa mwingine, mtu wa kanisa, kutoka kisiwa cha mbali katika bahari ya Mediteranea. Nimependa kuwaandikia wenzangu, na ninyi wakubwa wetu mliosoma hapa zamani, habari za maisha yake, maana naona zina fundisho kwetu.

Mtu huyo ni Askofu Mkuu Makarios wa Tatu. Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1913 katika kijiji cha Panayia, wilaya ya Paphos, katika kisiwa cha Kupro. Ndicho kile tunachokisoma katika Matendo ya Mitume kwa jina la Kipro, alikozaliwa Barnaba. Jina lake la utoto lilikuwa Michael Mouskos, na baba yake alikuwa mtu maskini, mchunga kondoo. Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliingia nyumba ya watawa ya Kykkos, iliyo milimani. Watawa walimwona kuwa kijana mwenye akili, wakampeleka shule ya sekondari mjini Nicosia, kisha Chuo Kikuu cha Athens. Baada ya vita kuu ya pili alipata msaada wa masomo akaenda Boston, Marekani. Alikuwa bado huko mwaka 1948 habari zilipomfikia kwamba amechaguliwa kuwa Askofu wa Kition. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 37 tu, akawa Askofu Mkuu wa kisiwa chote.

Yafaa nieleze cheo hicho. Waturuki waliitawala Kupro kwa muda wa miaka mia tatu, na katika siku zao Askofu Mkuu alikuwa ndiye msemaji wa Wagiriki wote mbele ya serikali. Waingereza walipoishika nchi mwaka 1878, desturi hiyo haikufa. Kwa hiyo Makarios alipovaa kofia ya uaskofu mkuu, alibeba siasa pia. Wakati huo karibu watu wanne katika kila watano wa kisiwa walikuwa Wagiriki. Wengi wa waliobaki walikuwa Waturuki, nao walikaa humo kwa kame nyingi. Wagiriki hawakutaka uhuru wa peke yao, walitaka kuunganishwa na nchi ya Ugiriki. Mwezi wa Januari 1950 kanisa lilipiga kura ya jambo hilo, na zaidi ya tisini na tano katika kila mia ya Wagiriki walikubali. Waturuki hawakutaka hata kulisikia.

Makarios alizunguka dunia akiitetea haki ya watu wake. Mwaka 1955 alikwenda Bandung, walikokutana wakuu wa Asia na Afrika. Mwaka huo huo, tarehe 1 Aprili, chama cha siri kilichoitwa EOKA, chini ya Kanali Grivas, kilianza kutega mabomu. Gavana Harding alizungumza na Askofu Mkuu kwa miezi kadhaa, lakini hawakuelewana. Tarehe 9 Machi 1956 Makarios alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Nicosia pamoja na wenzake watatu. Walisafirishwa kwa ndege mpaka Mombasa, na kutoka hapo kwa manowari mpaka kisiwa cha Mahé, wakafungiwa katika nyumba iliyoitwa Sans Souci.

Hapa Mganda yeyote hukumbuka jambo. Mwezi wa Novemba 1953 Gavana Cohen alimhamisha Kabaka Mutesa wa Pili akampeleka Uingereza, naye akarudi Oktoba 1955 akiwa na heshima kuliko alivyoondoka. Haikupita hata nusu mwaka, Waingereza wakafanya vile vile kwa Makarios, nao wakavuna mavuno yale yale. Walimwachilia mwaka 1957, ingawa walimkataza asikanyage Kupro, akakaa Athens. Aliporudi kwao Machi 1959, mji wa Nicosia ulifurika watu.

Lakini alirudi na mkataba ambao hakuupenda. Ugiriki, Uturuki na Uingereza zilikuwa zimekubaliana kwamba Kupro itakuwa huru, haitaungana na nchi yoyote wala haitagawanywa. Rais atakuwa Mgiriki na Makamu wake Mturuki. Tena Uingereza itabaki na kambi mbili za jeshi. Bendera ya uhuru ilipandishwa tarehe 16 Agosti 1960, na Makarios akawa Rais wa kwanza, huku bado ni Askofu Mkuu.

Kuumba taifa kulimshinda kuliko kumwondoa mtawala. Katiba iliwapa Waturuki sehemu tatu katika kila kumi za kazi za serikali, na Makamu wa Rais aliweza kuzuia maamuzi makubwa. Makarios aliona serikali haiendi. Mwezi wa Novemba 1963 alitaka mambo 13 ya katiba yabadilishwe. Waturuki walikataa, na mwezi uliofuata damu ikamwagika Nicosia. Jirani alimwogopa jirani. Waturuki wengi walihama vijiji vyao wakajikusanya mahali pao peke yao. Mwaka 1964 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia kati, na mpaka leo hawajaondoka. Sisi nasi tulipata uhuru mwaka 1962 kwa katiba ya kupatanisha, Kabaka akawa Rais na Obote Waziri Mkuu, nayo ilivunjika mwaka 1966.

Baadaye Makarios mwenyewe alitambua kwamba kuungana na Ugiriki hakuwezekani. Basi rafiki zake wa zamani wakamwita msaliti. Mwaka 1970 ndege yake ya helikopta ilipigwa risasi. Yeye alisalimika, rubani akajeruhiwa. Tarehe 15 Julai 1974 askari waliotumwa na watawala wa kijeshi wa Athens waliipiga ikulu yake kwa mizinga. Alitoroka akafika Paphos, na waliomtoa kisiwani kwa ndege walikuwa Waingereza, wale wale waliomfunga Shelisheli. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yalishuka pwani, yakateka zaidi ya theluthi ya nchi. Wagiriki zaidi ya 150,000 walikimbilia kusini, na Waturuki wa kusini wakahamia kaskazini. Makarios alirudi Desemba 1974 kwenye nchi iliyokatwa vipande viwili. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Agosti 1977, akazikwa mlimani, karibu na Kykkos alikoanza.

Siku hizi watu wa Ulaya huijua Kupro kwa jua na bahari yake, na hoteli za Ayia Napa na Paphos hujaa kila mwaka. Lakini Varosha, mtaa wa hoteli wa mji wa Famagusta, ulizungushiwa waya mwaka 1974, wenyewe wakaondoka na funguo mfukoni.

Afrika ya Mashariki inalo kumbukumbu lake jema. Mwaka 1971 alizuru Kenya, akabatiza maelfu ya watu, na seminari ya Waorthodoksi iliyoko Riruta, Nairobi, inaitwa kwa jina lake.

Wako wenzangu wanaomsifu kwa kuwa aliwashinda Waingereza, na wako wanaomlaumu kwa yaliyotokea mwaka 1974. Mimi naona lawama si yake peke yake, kwa maana mataifa makubwa yalikichezea kisiwa chake. Hata hivyo, ile kura ya mwaka 1950 ilipigwa na Wagiriki tu, na kwa Waturuki haikuwa kura yao. Wengi wanaweza kushinda katika hesabu, na bado nyumba ikawa haina amani. Katika nchi kama yetu, yenye Waganda, Wanyoro, Waacholi, Wateso na wengine wengi, anayetaka kuongoza na aanze kwa kumwuliza yule aliye mchache anaogopa nini.